Siku Nilipoikata Miparachichi Yangu

Mimi sijisifu, watu ndio wananisifu. Ila wakichelewa, naanza mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yangu kuna safu nne za miparachichi niliyoipanda na marehemu mume wangu. Kwetu mti wa matunda ulikuwa hauguswi na msumeno. Ukiukata utanuna, tuliambiwa, na hautazaa tena. Basi tuliiacha ikarefuka mpaka ikapita paa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini chetu sisi kilikuwa juu huko, na kukishusha ilikuwa kazi ya kurusha fimbo na kutikisa matawi. Parachichi likianguka kutoka kule, nje unaliona zima, ndani limeshakuwa jeusi. Wanunuzi sokoni wakiona kikapu changu walijifanya hawanijui.

Mwanangu wa kwanza, dereva wa lori, alichoka. Akaongea na mchoma mkaa, mtu asiye na ubaya wowote, ila macho yake yakiona mti yanaona gunia. Wakapatana ikatwe yote. Mwanangu akanieleza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba miti imezeeka na inatumalizia nafasi tu. Nikamwambia hata mimi nimezeeka, basi anitie kwenye gunia hilohilo. Tukanuniana weee, mwishowe akanipa misimu miwili ya mavuno miti ioneshe faida yake. Nikishindwa, shoka.

Hapo ndipo alipokuja bibi shamba mpya, mtaalamu wa kilimo aliyeletwa kutufundisha. Waliomtangulia walituketisha ukumbini, wao wanaongea, sisi tunasinzia, mwisho tunapiga makofi na kurudi kufanya yaleyale. Huyu binti hakutaka ukumbi. Alitukusanya kwenye shamba la jirani yangu, fundi cherehani, kila mtu na msumeno wake. Akatuambia tukate kwanza kama tunavyojua. Fundi cherehani akapanda ngazi, akakata tawi kutoka juu kwenda chini. Kabla hajamaliza likakatika kwa uzito wake, likachuna gome la shina hadi karibu na ardhi.

Kila mmoja wetu alikuwa ameshaona mti wenye jeraha kama lile, ukaoza taratibu, nasi tukasema umenuna. Kumbe tuliuua wenyewe kwa mikono yetu.

Bibi shamba akanipa mimi tawi lililofuata. Akasema, ukate kidogo chini yake kwanza, ndipo uje juu, na usiguse shingo ile iliyovimba pale linapotokea. Tawi likashuka safi, gome halikuchunika hata ukucha. Nilitaka kucheka, nikaona aibu, nikakohoa. Tangu siku hiyo tulikwenda shamba hadi shamba, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka viganja vikaota malengelenge. Tukajifunza kushusha kilele, kufungua katikati jua lipite, kupaka shina chokaa lisiungue, na kuchuma kwa mkasi huku tukiacha kikonyo kifupi. Hakuna aliyesinzia, maana nani asinzie juu ya ngazi?

Nyumbani nilikata safu mbili. Jamani, ilitisha. Miti ilibaki mifupi, myeupe kwa chokaa, imesimama kama watu waliotoka kunyolewa. Mtaa mzima ukaniita Kinyozi. Mwanangu aliegesha lori, akazunguka nyuma, akashika kichwa.

"Mama," akasema, "umemrahisishia mchoma mkaa kazi."

Niliingia jikoni nikalia, na moshi ukanisitiri.

Msimu wa kwanza safu zile hazikutoa hata tunda moja. Bibi shamba alipopita hakunipa pole. Aliniambia nikwangue gome kwa ukucha, nikaona kijani kibichi, akanionyesha vichipukizi ubavuni mwa matawi. Mti ulikuwa unajijenga kwanza. Nikakaza roho.

Msimu wa pili matunda yakaja, tena yakaja usawa wa kifua changu. Nilichuma machache, nikayaweka rafuni jikoni. Yalipolainika bila kunywea, nikajua wakati umefika. Nikachuma kwa mkasi, nimesimama chini kwa miguu yangu miwili, nikayapanga kwenye kreti moja moja kama mayai.

Sokoni kuna mama mnunuzi mwenye kisu kidogo ambacho watu wengi wanakiogopa. Alipasua la juu. Safi. Akapasua la katikati. Kisha akazamisha mkono mpaka chini kabisa ya kreti, maana anatujua, akatoa jingine. Ndani lilikuwa manjano tupu, bila doa. Akauliza ni nani aliyechuma haya. Nikasema ni mimi, na nikalisema kwa sauti hadi wauza nyanya wakageuka. Alichukua yote, akaniambia msimu ujao nisihangaike kuja, gari lake litafika getini kwangu. Chema chajiuza, bwana!

Wiki hiyohiyo mchoma mkaa alifika na shoka lake, kama walivyopatana. Mwanangu alikuwa nyumbani. Mchoma mkaa aliiangalia ile mifupi iliyozaa, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaielekezea shoka mirefu ya safu mbili zilizobaki. Akasema basi achukue hiyo tu, hiyo haina faida kwa mtu.

Mimi nilikuwa mlangoni na ungo mkononi. Nilitaka nimsikie mwanangu.

Akaenda akasimama mbele ya shoka.

"Hiyo nayo haiguswi," akasema. "Mama atanifundisha kuikata. Hizi si kuni, ni kazi ya mama yangu."

Mchoma mkaa akageuka kuniangalia. Nikaweka ungo chini, nikasimama wima, mkono kiunoni, ili anione vizuri.