Muhuri wa Stoo

Mume wangu ni kinyozi, na hana hata unywele mmoja kichwani. Wateja wanamwita Kipara, naye anaitika bila kinyongo. Anasema angalau hakuna atakayemuuliza nani anamnyoa.

Mwaka jana alikopa kwenye kampuni ya mikopo, akanunua viti viwili vya kuzunguka na hita ya maji. Miezi saba akalipa marejesho bila kukosa. Mwezi wa nane akateleza kwenye povu la shampuu, ndani ya saluni yake mwenyewe, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa ukavunjika, akafungwa plasta ngumu. Tulikwenda wote wawili kwenye kampuni na karatasi za hospitali. Dada wa kaunta akatupa pole, akaandika kitu kwenye daftari lake, tukarudi nyumbani roho zimetulia.

Mashine ya kunyolea nikaishika mimi. Sikuwahi kumnyoa mtu maishani, na ilionekana. Baada ya wiki mbili tulibakiwa na wateja watatu: mzee mmoja ambaye macho yake hayaoni vizuri, shemeji yangu ambaye hakuwa na jinsi, na fundi baiskeli wa jirani aliyesema nywele si meno, zitaota tena.

Simu ya kwanza iliingia saa kumi na moja alfajiri. Kampuni ya mikopo, bila kutuambia, ilikuwa imelikabidhi faili letu kwa watu wengine ambao kazi yao ni kukusanya madeni. Aliyepiga alijiita Afisa. Alikuwa na sauti laini, ya mtu anayesoma salamu za wasikilizaji redioni.

"Habari za asubuhi, mdeni," alisema. "Leo saa nne tunakuja na polisi. Uwe umeoga."

Hawakuja. Badala yake walipiga tena saa nne, na saa tano, na saa sita. Siku moja walipiga mara kumi na moja. Wakampigia mwenye nyumba. Wakampigia fundi baiskeli wakamwambia Kipara ni mwizi. Asubuhi moja tukakuta picha ya Kipara imebandikwa kwenye mlango wa saluni, na chini yake maneno makubwa: MDENI SUGU, UKIMWONA TOA TAARIFA. Yule mzee wa macho mabovu akaisogelea, akaitazama sana, akamuuliza Kipara anagombea nafasi gani.

Mimi nilicheka. Kipara hakucheka. Alikuwa ameacha kumaliza chakula chake, na simu alikuwa anaizika katikati ya taulo ili asiisikie ikilia. Mtu ambaye alikuwa akisalimia mtaa mzima kwa majina, sasa alipita akitazama viatu vyake.

Ndipo Afisa akafanya kosa. Akampigia mama yangu.

Namba ya Mama tuliiandika siku ya kukopa, kama mtu wa kutafutwa iwapo mkopaji hapatikani. Kipara alikuwa anapatikana, tena kupita kiasi. Na kitu ambacho Afisa hakukijua ni kwamba Mama alikuwa karani wa masjala ya mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Samansi za wilaya nzima zilipita mikononi mwake. Hapandishi sauti, na hakuna mtu nimwogopaye zaidi.

Alifika saa tatu asubuhi na mkoba, miwani na faili la waridi. "Niitie mkwe wangu," akasema.

Kipara alimheshimu Mama kiasi cha kukosa maneno mbele yake. Akaja, akakaa kwenye ukingo wa kiti, plasta ameipakata kama mtoto mchanga.

"Baba, unadaiwa?" Mama akauliza.

"Nadaiwa, Mama."

"Kiasi wanachosema ndicho?"

"Sijui, Mama. Kila wakipiga kinaongezeka."

"Umewahi kuwaandikia?"

"Hapana, Mama. Niliwatukana mara moja tu."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Afadhali," Mama akasema, akafungua faili.

Hapo Kipara akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilisukumwa chini ya mlango siku mbili zilizopita, naye hakunionyesha. Ilikuwa na kichwa cha habari AMRI YA KUKAMATWA. Pamoja na karatasi, mswaki nao ukatoka mfukoni na kuanguka sakafuni. Nikamuuliza wa nini.

"Nilisikia ndani hawatoi," akajibu, bila kunitazama.

Kwa siku mbili mume wangu alikuwa ananyoosha taulo na kufagia nywele huku amejiandaa kulala rumande, na mimi sina habari. Mama aliuokota mswaki, akaufuta kwa leso yake, akauweka mezani taratibu. Kisha akaichukua ile karatasi, akaisoma, akaigeuza juu chini ili ausome muhuri, na mabega yakaanza kumtikisika. Sikuwahi kumwona Mama akicheka mbele ya mkwewe.

"Haina namba ya shauri," akasema alipopata pumzi. "Haina jina la hakimu. Neno mahakama wameandika makahama. Na huu muhuri, wanangu, umeandikwa IMEPOKELEWA STOO."

Kipara akaishika karatasi kwa mkono mzima, akasoma mwenyewe. Rangi ikamrudi usoni, na hasira ikaja nayo. Mama aliposema tutawaandikia barua, akataka ianze na neno mbwa.

"Ukimtukana, atakachoshika ni hilo tusi," Mama akasema. "Mengine yote atayasahau. Anza na ukweli unaokuuma wewe."

Basi Mama akaandika kwa ule mwandiko wake wa masjala, Kipara akisema na mimi nikisoma rekodi ya simu. Nakala ninayo hadi leo:

"Mimi ndiye niliyekopa, na sikatai kwamba nadaiwa. Nilivunjika mkono, nikaiarifu kampuni iliyonikopesha kabla sijachelewa. Tangu tarehe tatu mmenipigia mara sitini na nne, kumi na tisa kati ya hizo kabla ya kupambazuka. Mmewapigia watu sita wasiohusika na kuwaambia mimi ni mwizi. Mmebandika picha yangu hadharani. Kuanzia mtakapopokea barua hii, wasilianeni nami kwa maandishi tu, na asipigiwe mtu mwingine yeyote. Hao sita waambieni kwamba mlisema uongo. Nileteeni hesabu: nilichokopa, nilicholipa, mlichoongeza, na nani alikubali mwongeze. Aidha, nitajieni aliyeandika karatasi inayojiita amri ya mahakama, kwa kuwa nakala yake naipeleka kwa mahakama yenyewe na kwa mamlaka inayowapa leseni."

Kipara akaomba tuongeze "kama nyinyi ni wanaume kweli".

"Hilo hatuna ushahidi nalo," Mama akasema, akapiga mstari wa mwisho.

Kesho yake tulipeleka nakala mahakamani kwanza, ambako makarani vijana walisimama walipomwona Mama. Kisha tukaenda kwa wadai wetu. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro: meza sita, simu sita, na ukutani karatasi ndefu yenye sentensi za kusoma.

"Iacheni tu hapo," alisema msichana wa mapokezi.

"Nitaiacha ukinigongea muhuri kwenye nakala yangu."

"Muhuri hatuna, mama."

"Mnao," Mama akasema. "Ule wa stoo."

Msichana akageuka kutazama nyuma. Na huko nyuma, meza ya tatu, nikaisikia ile sauti laini. Ilikuwa ya mwanamume wa miaka kama hamsini, sweta limetoboka kiwiko, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa akimsomea mtu simuni maneno ya ukutani. Mama akaenda, akasimama kando yake mpaka amalize.

"Shikamoo, mama," akasema alipogeuka.

"Marahaba. Jumanne ulinipigia ukaniambia nimemwoza binti yangu kwa mwizi."

Akavua miwani. "Mama, si maneno yangu. Ni ya ukutani."

"Nani kayaandika?"

Akaonyesha kwa kidevu mlango uliofungwa.

Wiki tatu nzima Kipara alikuwa akinieleza atakavyomfanya mtu huyu siku atakayomtia machoni. Sasa alikuwa naye mbele yake. Akamtazama usoni, akamzunguka kidogo, akamtazama kisogoni.

"Kaka, nani anakunyoa?" akauliza.

"Mke wangu," Afisa akasema kwa aibu.

Nilimwonea huruma yule mwanamke ambaye sikuwahi kumwona.

Bosi alipotoka, aliisoma barua amesimama. Alipofika kwenye habari ya mahakama akatafuta kiti. "Hii nakala mmeshaipeleka?"

"Tunatokea huko," Mama akamjibu. Bosi akatia sahihi na tarehe kwenye nakala yetu bila kuuliza la pili.

Simu zikanyamaza ghafla, hata siku ya tatu Kipara akaipeleka yake kwa fundi wa simu aikague. Fundi baiskeli alipigiwa na kuambiwa kulikuwa na makosa. Akawajibu kwamba hakuwaamini tangu mwanzo, maana mwizi gani anafungua kazi saa moja asubuhi. Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka kampuni ya mikopo. Daftari la dada wa kaunta lilikuwa limepatikana, nyongeza zote zimefutwa, na marejesho yamepunguzwa mpaka mkono upone. Ile ofisi ya juu ya duka la magodoro iliitwa mahakamani. Yaliyozungumzwa huko hatukuambiwa, ila muuza magodoro anasema kile chumba sasa kinapangishwa.

Deni tumelimaliza mwezi uliopita. Mama akamwambia Kipara amwandikie yule dada wa kaunta barua ya shukrani, kwa mkono wake mwenyewe. Mama amemrudishia mara tatu aiandike tena. Jana alimwambia imekaa vizuri, ila salamu zimechukua nusu ukurasa, na kwamba mtu aliye kazini hana haja ya kujua kuku wetu wanaendeleaje. Kipara hakubishana. Yuko nyuma ya pazia sasa hivi, anaiandika upya, na mteja anasubiri na povu kidevuni.