Ruta Mbili, Ukuta Mmoja

Mara mbili ukoo ulifanya kikao kwa simu ya intaneti kuijadili nyumba ya marehemu, isiyouzwa bila ridhaa ya mjane wake, na mara mbili sauti ya mjane huyo ilikatika alipofungua kinywa. Mara ya pili shemeji mkubwa, anayeishi mji mwingine na ndiye mwenyekiti wa familia, alisema, "Kimya chake ni kukubali." Kikao cha tatu, cha kupitisha nyumba iuzwe, kilikuwa leo alasiri.

Mjane hakuwa mtu wa kupayuka. Alitazama, akapima. Yeye alikaa vyumba vya nyuma vya nyumba hiyo, shemeji mdogo vyumba vya mbele. Ruta, kisanduku kinachopokea intaneti kutoka nje, ilikuwa mbele. Waya ulipita darini mpaka kwenye ruta ya pili, ambayo marehemu aliifunga ukutani huku nyuma. Basi mwenye mkono kwenye bomba ni nani kama si shemeji mdogo? Tangu hapo hawakupeana hata salamu, na kila alipopiga magoti mjane alimshtaki kwa Mungu kwa jina na ubini.

Asubuhi aliita fundi, bwana mmoja mwenye kitambi na maneno mengi. Fundi alichomoa waya wa darini kwenye ruta ya nyuma, akauchomeka kwenye kompyuta yake. Intaneti ikaja. Akaurudisha kwenye ruta. Ikaja, ikasita, ikafa.

"Kuna mtu ananizimia huko mbele," mjane akasema.

"Mama, hata shetani husingiziwa. Nani yuko mbele?"

"Shemeji yangu. Huko mimi sikanyagi."

"Basi nitakanyaga mimi."

Fundi alirudi na shemeji mwenyewe, ambaye alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Kumbe unasema nakuzimia! Shemeji, mimi ndiye ninayekatika kila kikao. Nikajua ni wewe na hicho kidude chako."

"Mimi? Nikuzime kwa kitu gani, kwa mwiko?"

Fundi alicheka peke yake. Aliziweka simu zao mezani, moja kando ya nyingine. Kila simu inayoingia, alieleza, hupewa namba na ruta, kama mgonjwa anavyopewa namba hospitali. "Sasa hapa mna makarani wawili wasiojuana, wote wanagawa kuanzia moja. Tazameni, simu zenu zina namba ile ile. Ikiitwa, mnainuka wawili, mnagongana mlangoni. Mmoja akiwa hayupo, mambo shwari. Mkiingia wote kikaoni, ndiyo hiyo vurugu."

"Dawa yake?" shemeji akauliza.

"Ruta moja iache kugawa namba."

Wote wawili wakaangalia pembeni.

"Ya mbele ndiyo kubwa," shemeji akasema.

"Ya nyuma aliifunga marehemu kwa mkono wake."

"Jamani, hakuna inayotupwa!" fundi akasema. "Itaendelea kurusha intaneti kama kawaida. Namba tu zitoke upande mmoja."

Mjane aliitazama ruta ya mumewe, taa zake zikikonyeza.

"Izuie ya kwangu. Nataka kusikika, sitaki cheo."

Fundi alibonyeza alichobonyeza, akawaambia wazime simu na kuziwasha upya. Namba zikaja mbalimbali. Alipoondoka, mjane alimgeukia shemeji.

"Nisamehe. Nimekusema vibaya mpaka mbele ya Mungu."

"Yamekwisha, shemeji. Mimi pia sikuwa nyuma."

Alasiri kikao kikaanza. Sauti zote zilifika safi kama maji ya mtungi. Mwenyekiti akawauliza mmoja mmoja.

"Mimi nasema iuzwe," akasema shemeji mdogo. "Kila mtu achukue chake."

Neno halikusita hata kidogo. Mjane alilisikiliza mpaka mwisho. Safari hii ruta haikuwa na kosa, na yeye alikuwa amemwomba msamaha mtu ambaye hakumzimia sauti, lakini alitaka kumtoa nyumbani.

"Shemeji wa nyuma, upo?" mwenyekiti akauliza.

"Nipo. Siuzi. Nitakaa humu mpaka Mungu aniite, na anayetaka kuuza aseme tena, nasikia vizuri."

Kupitia ukuta, kutoka vyumba vya mbele, alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya shemeji, nyuma kidogo ya kinywa chake: siuzi.

"Basi," mwenyekiti akasema, "mwenye nyumba hajakubali. Haiuzwi."