Kibe Apata Sauti

Wanjugu alikuwa amezoea kelele za mumewe. Mzee Kibe, mwenye nyumba za kupangisha kule Kabiria, aligombeza kila mtu, hata kuku. Lakini saratani ilipomwingia mifupani aligeukia ukuta akanyamaza, na kimya hicho kilimtisha Wanjugu kuliko ugonjwa wenyewe.

Zamani dawa ya maumivu makali ilifuatwa hospitali kubwa mjini. Sasa kituo cha afya cha mtaa kilikuwa nayo, na muuguzi Mahira akaileta nyumbani: mofini ya kunywa.

"Si hii hupewa watu wa kufa?" Wanjugu aliuliza.

"Hupewa mwenye maumivu, mama. Haitamponya, ila itamwacha aishi."

Kibe akanywa kama alivyoelekezwa, akalala usingizi mzito. Baada ya siku chache, Wanjugu akiwa jikoni, alisikia sauti uani.

"Nani ameanika blanketi kwa geti yangu? Na hii chai mbona haina majani?"

Wanjugu alicheka hadi machozi. Akapika chai nyingine, wakaketi pamoja juani, Kibe akinung'unika, mkewe akimsikiliza kwa raha.