Ndugu wa Hajra

Asubuhi Hajra alikuwa bandani Visiga, akiokota mayai huku homa ikimtetemesha. Wiki ya saba hiyo. Kipimo cha malaria kilisema hana, akapewa dawa za taifodi. Homa ikatulia, ikarudi. Chini ya kucha zake kulikuwa na vijistari vyeusi, na bandani wote walijua ni vibanzi vya maranda wanayolalia kuku. Alivichokonoa kwa pini mpaka kidole kikavimba. Havikutoka.

Kabla ya saa nne alianguka na trei nzima. Bosi aliyasikitikia mayai. Hajra akapanda bodaboda, peke yake, mpaka hospitali.

Daktari Calist, kijana bado, alimshika vidole akavitazama kwa makini. Tangu mume aondoke hakuna aliyemshika mkono kwa muda mrefu namna hiyo, na Hajra aliona aibu kwamba hakutaka auachie.

"Hivi si vibanzi, mama. Ni damu." Akamsikiliza kifua, akarudia. "Moyo una mlio usio wa kawaida. Nahisi wadudu wameshambulia milango ya moyo. Leo umekunywa dawa yoyote?"

"Vidonge vya rangi mbili, viwili. Nilinunua dukani jana, nikavinywa alfajiri nisilegee kazini."

Daktari alishusha pumzi. "Hivyo vinawaficha wadudu kwenye damu. Tutaiotesha damu maabara hivyo hivyo, tuone kama wadudu wataota. Ila kipimo cha picha ya moyo hatuna. Uende Dar leo leo, hii haisubiri. Gari la wagonjwa linatoka saa nane."

Alitolewa damu mara tatu. Kisha karani akasukuma fomu dirishani.

"Ndugu asaini hapa, na apande gari na wewe. Bila ndugu haipiti."

Alimpigia dada yake, Zawadi, Kisarawe.

"Niko shamba, Hajra. Si homa yako ile ile? Kunywa dawa, nitakuja Jumapili."

"Dada, wanasema ni moyo..."

Simu ilikuwa imeshakatwa. Hajra alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akachukua kalamu. Jina la ndugu: Hajra. Uhusiano: tunaishi pamoja.

"Huyu si wewe mwenyewe?" karani aliuliza.

"Ndiye niliyenaye."

"Haipiti, nimeshakwambia."

Nje, gari lilikuwa linanguruma. Hajra aliivuta fomu yake, akatoka, akapanda, akakaa kwenye kiti cha ndugu. Machela ilikuwa tupu.

"Mgonjwa yuko wapi?" dereva aliuliza.

"Yupo," alisema. "Twende."