Choo cha Kando ya Barabara

Victorine hakuingia darasani Jumatatu, tarehe 9 Novemba 1953. Alikuwa mdogo wa mke wangu Léocadie, mwenye miaka kumi na mmoja, na alikaa kwetu ili asome. Katika daftari la mahudhurio niliandika "mgonjwa". Alhamisi asubuhi tulimzika.

Mwalimu wa shule ile ni mimi. Iko upande wa Lusangi, juu ya kilima, kando ya barabara ya Kabambare. Mwezi wa tisa Mzungu wa usafi alipita akaacha amri: shule ichimbe choo, naye akione bila kushuka garini. Nilikuwa sijathibitishwa kazini. Tulikichimba kando ya barabara, tukakipaka udongo mweupe, kikapendeza. Chini yake, kwenye mteremko, ndipo ilipokuwa chemchemi ya shule.

Mama mkwe wangu, Mama Feza, aliliona kosa kabla ya wote. Lakini kwetu mtu na mama wa mke wake hawatazamani wala hawasemeshani. Mwenye neno hulisema kwa kitu kingine, na mwenzake husikia. Basi siku moja alisimama nyuma ya jiko letu akasema na mbuzi.

"Wee mbuzi! Umesoma mpaka Kasongo, na haujui maji inatoka juu inaenda chini?"

Léocadie alicheka mpaka akauacha mchi kinuni.

Nami ndani nikajibu: "Mbuzi, mwambie mama, Mzungu hatashuka mu gari yake. Anataka choo ya kuonekana."

"Sawa, mbuzi. Basi mwambie mwenye kukufunga kamba: ile maji Mzungu hatakunywa. Ni batoto yetu batakunywa. Na mvua iko nakuja."

"Mbuzi, nimesikia. Kula majani yako."

Hata Mama Feza alicheka kidogo, akaenda zake. Neno lililosemwa kwa mbuzi ni rahisi kulijibu kwa mzaha. Nilijua kuwa ni kweli. Nilijiambia nitakihamisha baada ya ukaguzi.

Mvua kubwa ilinyesha mwisho wa mwezi wa kumi. Mzungu alikuja, akatazama kupitia dirisha la gari, akaandika, akaondoka. Wiki iliyofuata watoto tisa walishikwa na kuhara damu. Wanane walipona.

Kwenye matanga Mama Feza alikaa na wanawake siku zote saba. Aliporudi kwake alipita nyuma ya jiko letu. Mbuzi alikuwa pale. Hakumwambia neno.

Shimo nililifukia mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Choo cha sasa kiko ng'ambo ya kilima, barabarani hakionekani, na sijathibitishwa bado. Chemchemi tumeizungushia miiba. Wanafunzi wanachota maji mtoni, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na somo la kwanza sasa linachelewa mpaka saa mbili na nusu.