Utetezi wa Nne

Neno moja tu lilimfungisha baba yake, tena neno alilolitamka yeye mwenyewe: mukanda.

Prudence alilirudia kimoyomoyo, amekaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, toleka, iliyokuwa ikimpeleka kwenye kambi ya jeshi alikoshikiliwa baba, jua la asubuhi likimchoma utosi. Jana alasiri alikuwa kwenye nyumba ya fonia, redio ya kupigia simu za mbali, akizungumza na tonton Timothée aliye Banalia. Kabla ya vita Timothée na baba yake, papa Léopold, walikuwa majaji wa masumbwi, wamekaa pamoja pembeni mwa ulingo miaka nenda miaka rudi. Sasa barabara ya Banalia ilikuwa mikononi mwa jeshi lingine, papa anauza chumvi na sabuni, na wazee hao wamebaki na mchezo mmoja: kupima mabingwa wa uzito wa juu. Hawakujali nani alishinda. Hilo hata mlevi anakuambia. Walipima bingwa aliutetea ubingwa wake dhidi ya nani. Akimpiga mwenye njaa, utetezi huo waliuita hewa. Akimpiga mtu aliyekuja kushinda, waliuita uzito.

Mafua yalikuwa yameikausha sauti ya papa, ndipo akamtuma binti yake. "Sema ceinture," alimwagiza, yaani mkanda wa bingwa, kwa kuwa kila utetezi waliuhesabu kama mkanda mmoja.

Prudence, mwenye diploma yake na ulimi anaoujivunia, hakuona kwa nini aombe neno kwa Wafaransa wakati Kiswahili kinalo. Akapaza sauti ndani ya fonia: "Papa anasema mikanda mitatu ya kwanza ni hewa. Ule wa nne tu ndio wenye uzito."

Lakini Kisangani mkanda wa kiunoni huitwa ceinture, na mukanda ni barua. Askari aliyekuwa akisikiliza mawimbi alisikia barua nne zimepelekwa kwa adui, na moja ni nzito. Kabla jua halijatua askari walikuwa dukani kwa papa, wakimwaga magunia ya chumvi sakafuni kutafuta karatasi.

Mlangoni pa ofisi ya komanda alisimama Hilaire, bunduki begani, mwili umeziba nuru yote. Prudence alipomwona, alisita kabla ya kuingia. Usiku kucha alikuwa amejiandaa kueleza kwamba mukanda si barua. Hakuwa amewaza swali litakalofuata: mkanda wa nani. Hilaire ndiye bingwa wa mji, mlinzi wa komanda, na ule mkanda ulikuwa wake. Na wapinzani wake wote walichaguliwa na komanda mwenyewe.

"Mademoiselle," komanda alisema, "mukanda yenye uzito iko wapi?"

"Si barua, komanda. Ni mkanda wa kuvaa. Ceinture."

Komanda akamgeukia papa Léopold, aliyekaa sakafuni bila viatu. "Alors, muzee. Unatuma ceinture Banalia. Kule suruali zao zinaanguka?"

Askari wakacheka. Hilaire hakucheka.

"Ceinture ya bingwa," papa alikwaruza. "Tunapima tu, mimi na Timothée. Nani alilinda vizuri, nani alilinda vibaya."

"Bingwa gani?"

"Wa zamani, komanda," Prudence alidakia. "Wale wa Amerika."

"Ah bon. Wa Amerika yupi alilinda mara ine tu? Mimi pia nilipiga ngumi, mademoiselle. Nitajie jina."

Majina yote aliyowahi kuyasikia kwa baba yake yakamtoka kichwani kama kuku waliofunguliwa tundu.

"Nyamaza, Prudence," papa alisema taratibu. "Ni ceinture ya Hilaire."

Kicheko kikakatika. Prudence alimtazama baba yake, akimsihi kwa macho aishie hapo. Papa hakumtazama, alikuwa ameshafumba macho, kama alivyofanya zamani kabla ya kutoa alama.

"Wa kwanza alitoka gerezani, miguu imevimba. Wa pili alikuwa mupishi wenu. Wa tatu aliingia na pombe ya lotoko kichwani, akaanguka bila kupigwa. Ile yote ni hewa. Lakini Amuri, muvuvi wa Wagenia, alikuja kushinda. Alimwangusha Hilaire chini, Hilaire akasimama, akamaliza kazi. Ule iko na uzito. Siwezi kusema ingine."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni, na kila pigo la shoka Prudence alilisikia kifuani.

Hilaire akahamisha bunduki bega hadi bega. "Komanda, naomba kusema."

"Sema."

"Wale watatu, hata majina yao sijue. Amuri, ubavu ungali unauma. Nikilala, namukumbuka."

Komanda alimtazama bingwa wake kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo lilimtisha Prudence kuliko bunduki.

"Bon. Dimanche, siku ya misa, Hilaire analinda tena. Muzee, utakaa pembeni yangu. Utasema mbele ya watu kama iko hewa ao uzito. Mutoto wako atashika mikro, akutolee sauti."

"Na mupinzani ni nani?" papa aliuliza, na Prudence akatamani kumziba mdomo.

"Wewe utachagua. Ukileta mwenye njaa, watu watakucheka. Ukileta mwenye nguvu na Hilaire akaanguka, ni wewe umemwangusha. Haya, endeni."

Viatu havikurudishwa. Papa alitembea peku kwenye vumbi, akikwepa changarawe, mkono juu ya bega la binti yake. Walipita nyumba ambazo mabati yake yalikuwa bado na matundu ya mabomu.

"Papa, leta mwenye njaa," Prudence alisema mwishowe. "Wacha watucheke."

"Amuri anataka kurudiana."

"Amuri atashinda."

"Labda."

Prudence aliushika mkono wa baba yake begani. "Kwenye mikro nitasema ceinture," alisema.

"Hapana," papa alijibu. "Sema mukanda. Sasa wanajua ni mukanda gani."