Jina Lililofutwa Ubaoni

Wanafunzi walimwita Mwalimu Sifuri, na hakuchukia. Alifundisha hesabu, sifuri alizigawa bila choyo, na miaka mitatu ya ugenini ilikuwa imemzoesha kuitika jina lolote. Muhula huu, lakini, hata sifuri zilipungua. Akili yake yote ilikuwa nyumbani, kwa mama yake aliyelazwa hospitali. Likizo fupi ya katikati ya muhula angeweza kwenda kumwona. Hakwenda, alibaki kuwanoa watahiniwa. Kwenye simu mama aliuliza atakuja lini, naye akajibu, "Nikifunga shule tu, Mama." Tangu hapo alihesabu siku kama mfungwa.

Shule ilikuwa ya kanisa, na ilikuwa na utaratibu wake. Kando ya mlango wa kanisa palitundikwa ubao: upande mmoja wagonjwa wa kuombewa, upande wa pili waliofiwa. Mgonjwa akipona, mchungaji wa shule alilifuta jina lake na watoto wakapiga makofi. Akifariki, familia yake iliandikwa upande wa pili. Kwa wiki sita Kidato cha Kwanza walisimama pale kila asubuhi wakimwombea "mama yake Mwalimu wa Hesabu". Wale wale waliokula sifuri.

Zilipobaki siku mbili shule ifungwe, aliingia darasani na rundo la ripoti kifuani, akapokewa kwa makofi. Kiranja, msichana mdogo mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akamwambia jina limefutwa. Mwalimu alizibwaga ripoti mezani, akatoka mbio kwenda kujionea. Kweli, mahali pa jina palikuwa patupu. Alilia kwa furaha palepale mlangoni, akampigia simu kaka yake mkubwa, akaanza kumgombeza kwa utani: yaani Mama anapona, halafu yeye aje aambiwe na ubao?

Nyuma ya kaka, wifi alisikika akianza kulia.

"Nani amekwambia amepona?" kaka aliuliza. Kisha akasema, "Tulimzika Jumamosi, mdogo wangu. Tuliona umalize kazi kwanza."

Mengine aliyasikia kwa mchungaji mwenyewe, aliyetoka kanisani na kusimama mbele yake bila kujua mikono aiweke wapi. Kaka alikuwa amempigia jana yake, akamsihi afiche mpaka shule ifungwe. Sasa mchungaji huyu ni mtu asiyejua kudanganya hata kidogo. Chai ikipoa, atamwambia mpishi imepoa. Kuandika msiba amekatazwa, na kumwombea marehemu apone, dhamira yake imegoma. Basi alfajiri akalifuta jina kimya kimya, akidhani hakuna atakayeona. Lakini wanafunzi, ambao wakikosa kitabu machoni wanaona kila kitu kingine, waliona.

Mwalimu hakumtukana mchungaji, ingawa maneno yalimjaa mdomoni. Kilichomchoma zaidi ni lile neno la kaka. Kazi kwanza. Hakuna aliyelitunga pale kwao. Wamelisikia kwake, kila likizo aliyoahirisha safari. Walimfanyia vile vile alivyowafundisha, na kwa hilo hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake.

Alinawa uso bombani, akarudi darasani, maana ripoti zilikuwa bado mezani. Kiranja alimpa kadi waliyoichora haraka haraka, yenye majina thelathini na manne na jua moja kubwa la njano.

"Mwalimu, ukifika, umwambie Mama tulikuwa tunamwombea," alisema. "Kila siku. Hata siku za mtihani."

Darasa zima lilikuwa linamtazama, likitabasamu. Hakuwa na ujasiri wa kuwanyang'anya furaha yao.

"Nitamwambia," alisema.

Akaiweka kadi ndani ya mkoba wake, akachukua ripoti ya juu, akaanza kuita majina.